Orson Welles: yanayosemwa na yaliyotokea

Nikikaa na vijana wa redio hapa Goma wanaotaka kuandika senario za filamu, jina la Orson Welles, Mmarekani wa redio na filamu, halikosi kutajwa. Linakuja na hadithi ile ile: mtangazaji aliyezaliwa na sauti ya ajabu aliitia hofu Marekani nzima kwa usiku mmoja, Hollywood ikamwita, akaandika filamu kubwa peke yake. Vijana wanaiamini, halafu wanajipima nayo na kukata tamaa. Ndiyo maana naandika haya.

Dhana: Marekani nzima ilikimbia

Tarehe 30 Oktoba 1938, kupitia mtandao wa redio wa CBS, Welles na wenzake wa Mercury, kundi lake la maigizo, walirusha mchezo wa viumbe wa Mirihi wanaoivamia dunia, uliopangwa kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. Wapo walioogopa kweli, na simu ziliingia polisi na magazetini. Lakini usiku huohuo kampuni iliyopima wasikilizaji ilipigia simu nyumba 5,000 hivi, na asilimia 2 tu ndio walisema wanausikiliza. Kipindi kilichotia fora saa hiyo kilikuwa cha mchekeshaji Edgar Bergen na mwanasesere wake, kwenye redio shindani ya NBC. Habari ya taharuki ilikuzwa na magazeti, ambayo redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara.

Hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu sisi tunajua kukimbia ni nini. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka Mei 22, 2021, na tarehe 27 gavana akaamuru sehemu ya mji ihame. Nyumbani kwetu redio ilikuwa mezani, imewashwa. Mama aliisikiliza hadi mwisho, akampigia dada yake aliye Sake, akatoka kumuuliza motari wa pikipiki aliyekuwa anapita, akautazama mlima. Ndipo akaanza kufunga magodoro. Wasikilizaji wetu ni watu wa namna hiyo. Anayeandika mchezo akidhani wanameza kila kitu, wanamtambua mapema na kuzima redio.

Dhana: mchezo ule aliuandika Welles

Aliyeuandika ni Howard Koch, aliyewahi kuwa mwanasheria, akiutoa kwenye riwaya ya H. G. Wells. Baadaye Koch alipata Oscar, pamoja na ndugu wawili wa familia ya Epstein, kwa senario ya filamu ya *Casablanca*. Katika kundi lile, yeye ndiye mtu wa redio ambaye waandishi wangepaswa kumchunguza zaidi.

Dhana: alizaliwa tayari

Alizaliwa Mei 6, 1915, Kenosha, jimbo la Wisconsin. Mama yake, mpiga piano, alifariki mtoto akiwa na miaka 9; baba akafuata Welles akiwa na 15. Kwenye umri wa miaka 16 alikuwa jukwaani Gate Theatre, Dublin. Redio aliianza mwaka 1934, akiigiza michezo iliyoandikwa na wengine, na Septemba 1937 akapewa sauti ya shujaa wa mchezo wa redio *The Shadow*. Saa yake mwenyewe hewani ilikuja Julai 1938. Hiyo ni miaka minne mbele ya mikro kabla ya kukabidhiwa saa hiyo. Vijana wangu wengi wana miezi minane.

Dhana: mtu wa redio hajui picha

Mwaka 1939 alisaini mkataba na RKO, studio ya filamu ya Hollywood, na mwaka 1941 ikatoka *Citizen Kane*. Senario aliiandika na Herman Mankiewicz. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo tisa za Oscar, ikashinda moja tu, ya senario, waliyopewa wote wawili. Kutoka redioni alikuja pia na waigizaji na mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann. Na alikuja na ujanja wa studio. Mlezi wa Kane, mhusika mkuu, anamtakia mtoto Krismasi njema, picha inakatwa, miaka mingi imepita, na mlezi yuleyule anamalizia, "na heri ya mwaka mpya." Sentensi moja imevuka utoto mzima. Msikilizaji wa redio angeielewa akiwa amefumba macho.

Nilipowaonyesha kipande hicho, dada mmoja anayetengeneza mchezo wa redio wa Jumapili alinyoosha mkono. "Yaya, hiyo si mlango wetu?" Katika emisyo yake mlango unafungwa Birere, mtaa wa hapa Goma, na unapofunguliwa tunasikia ziwa la Uvira, yule msichana amekwisha kuolewa. Jioni ile aliandika ukurasa wa kwanza wa senario yake, akaanzia kwenye mlango huo.