Nani Bora Kuliko Wote? Dhana Potofu katika Kuwalinganisha Wanamichezo wa Michezo Tofauti

Mjadala kuhusu mwanamichezo bora wa wakati wote haumaliziki kwa sababu wanaobishana huwa hawajakubaliana wanapima nini. Mmoja anahesabu medali, mwingine anatazama kasi, wa tatu anazungumzia heshima ambayo bingwa aliipata hata kwa watu wasiojua kanuni za mchezo wake, na kila mmoja humwona mwenzake mbishi tu. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ubishi wenyewe hauna ubaya wowote, ila umezaa dhana kadhaa zinazorudiwa kana kwamba zimethibitishwa, ilhali takwimu zinazikataa.

Dhana: jibu lilishatolewa karne ya 20 ilipokwisha

Ni kweli kwamba mwaka 1999 taasisi nyingi zilimchagua mwanamichezo wa karne, lakini hazikumchagua mtu mmoja. Jarida la Sports Illustrated na shirika la BBC yalimtaja mwanandondi Muhammad Ali. Kituo cha televisheni cha ESPN kilimweka Michael Jordan wa mpira wa kikapu wa kwanza na Babe Ruth wa besiboli wa pili, huku shirika la habari la Associated Press likiwapanga hao hao wawili kinyume chake. Kamati za Olimpiki za mataifa mbalimbali, zilipopiga kura yao, zilimchagua mwanasoka Pelé, mtu ambaye hakuwahi kucheza katika Michezo ya Olimpiki hata mara moja. Orodha ya ESPN, ambayo ilihusu Amerika Kaskazini peke yake, ilimpa nafasi ya 35 farasi wa mashindano aitwaye Secretariat, na hapo tu msomaji ana haki ya kujiuliza neno «mwanamichezo» lilikuwa na maana gani kwa wapiga kura.

Kura za namna hiyo hazikupima ushindi peke yake. Ali alipoteza mapambano 5 ya kulipwa, ilhali mwanandondi mwenzake Rocky Marciano alistaafu akiwa ameshinda yote 49. Waliomchagua Ali walikuwa wakiutazama pia mwaka 1967, alipokataa kuingia jeshini akanyang'anywa ubingwa. Hicho ni kigezo halali kabisa, mradi mtu akitaje wazi kabla ya kuanza kubishana, asije akakiibua katikati ya hoja baada ya kuzidiwa kwa hesabu.

Dhana: mwenye medali nyingi zaidi ndiye bora

Wingi wa medali hutegemea kwanza mchezo husika unagawa medali ngapi. Michael Phelps alipata medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake zikiwa za dhahabu, na hakuna mwenye akili timamu atakayeidogosha kazi hiyo. Hata hivyo, kuogelea humruhusu mtu mmoja kushindana kwa mitindo tofauti, katika masafa tofauti, na tena katika mbio za kupokezana; kati ya dhahabu 8 alizotwaa Beijing mwaka 2008, 3 zilikuwa za kupokezana. Mkimbiaji wa marathoni hana nafasi hizo. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na tena mwaka 1964, maana yake ni kwamba alichukua kila dhahabu ya marathoni iliyokuwapo katika michezo hiyo miwili, lakini jedwali linamwonyesha kama mtu wa medali 2 tu. Mcheza mpira wa kikapu ana hali iyo hiyo, na zaidi ya hapo anahitaji wenzake 4 uwanjani wawe na siku njema.

Dhana: bingwa wa kweli angetamba katika mchezo wowote

Jordan mwenyewe alilijaribu hilo. Mwaka 1994, akiwa ameacha kikapu, alicheza besiboli katika ligi ya daraja la chini na kumaliza msimu akiwa na wastani wa 0.202, yaani alifanikiwa kupiga mpira na kufika salama kituoni takribani mara 1 katika kila majaribio 5. Wapo wachache waliovuka mpaka kweli: Jim Thorpe alishinda pentatloni (shindano la michezo mitano) na dekatloni (la michezo kumi) za Olimpiki mwaka 1912 kisha akacheza besiboli na futiboli ya Marekani kwa kulipwa, na Ester Ledecká alipata dhahabu ya kuteleza kwa skii na dhahabu ya ubao wa theluji katika Olimpiki ile ile ya majira ya baridi ya mwaka 2018. Hao ni nadra, kwa sababu mwili unaoufaa mchezo mmoja mara nyingi hauufai mwingine. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki, ana urefu wa takribani mita 1.42, na ufupi huo unaomsaidia kujizungusha hewani ungekuwa mzigo mzito chini ya kikapu.

Dhana: wa leo ni bora kwa kuwa rekodi zao ni bora

Olympiastadion ya Berlin ni shahidi mzuri wa jambo hili. Mwaka 1936 Jesse Owens alishinda hapo mbio za mita 100 kwa sekunde 10.3, na mwaka 2009 Usain Bolt akakimbia hapo hapo kwa sekunde 9.58. Lakini Bolt alikimbia juu ya njia ya kisasa inayorudisha nguvu kwenye mguu, akiwa ameegemeza viatu kwenye vibao vya kuanzia. Owens alikimbia juu ya mabaki ya makaa yaliyoungua na kushindiliwa, na kabla ya mbio alitumia kijiko cha bustani kuchimba vishimo viwili ardhini ili miguu yake ipate mahali pa kusukumia. Saa inasema nani alifika haraka zaidi, haisemi ni kiasi gani cha tofauti hiyo ni cha mtu na kiasi gani ni cha vifaa. Mwaka huo huo wa 2009, katika mashindano ya dunia ya kuogelea mjini Rome, rekodi 43 za dunia zilivunjwa kwa msaada wa mavazi ya plastiki yaliyopigwa marufuku mwaka uliofuata. Waogeleaji hawakuwa wamezaliwa upya.

Dhana: michezo tofauti hailinganishiki hata kidogo

Hii ndiyo dhana inayosemwa na watu waungwana, wale wanaotaka ubishi uishe, na ndiyo inayostahili kujibiwa kwa kirefu. Hatuwezi kulinganisha goli na sekunde, lakini tunaweza kuuliza swali moja kwa kila mchezo: bingwa huyu aliwaacha wenzake wa mchezo wake kwa umbali gani, tukizingatia jinsi wao kwa wao wanavyoachana?

Chukua kriketi. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawa mikimbio yake yote (pointi anazopata baada ya kuupiga mpira) kwa idadi ya mara alizotolewa mchezoni, na katika mechi za kimataifa za siku nyingi, zinazoitwa Test, mpigaji mwenye wastani wa 50 huhesabiwa kuwa hodari sana. Wachache mno walimaliza kazi wakiwa karibu na 60. Don Bradman wa Australia alimaliza akiwa na 99.94. Mwezi Agosti 1948, alipoingia kupiga kwa mara ya mwisho katika uwanja wa The Oval jijini London, alikuwa na mikimbio 6,996 na ametolewa mara 69. Mikimbio 4 tu ingemfikisha kwenye wastani wa 100 kamili hata kama angetolewa. Wachezaji wa Uingereza walimpigia vifijo. Mpira wa pili alioupokea kutoka kwa Eric Hollies ulimpita na kuangusha wiketi yake, yaani vijiti vinavyosimama nyuma ya mpigaji, akatoka bila mkimbio hata mmoja.

Wengine wenye pengo la namna hiyo si wengi. Wayne Gretzky, katika ligi ya NHL ya hoki ya barafuni, alitoa pasi za mabao 1,963, na hata tukimfutia mabao yake yote 894, pasi hizo peke yake zinazidi jumla ya pointi, yaani mabao na pasi za mabao, za mchezaji mwingine yeyote wa ligi hiyo. Esther Vergeer alistaafu mwaka 2013 akiwa ameshinda mechi 470 mfululizo za mchezaji mmoja mmoja katika tenisi ya viti vya magurudumu, lakini jina lake halisikiki katika mijadala hii, jambo ambalo kwangu linaonyesha kwamba tunapima umaarufu huku tukidai kupima ubora.

Kipimo hiki nacho kina dosari yake. Pengo hupanuka pale wanaoruhusiwa kushindana wanapokuwa wachache: Ruth alitamba wakati ligi kuu za besiboli zikiwafungia nje wachezaji weusi, mlango uliofunguliwa mwaka 1947 alipoingia Jackie Robinson. Mimi nikilazimishwa kutaja jina moja nitamtaja Bradman, na anayenipinga ana hoja iliyo tayari: kati ya mechi 52 za Test alizocheza, 37 zilikuwa dhidi ya Uingereza, yaani wapinzani aliokutana nao walikuwa wachache.