Komenti za mwanafunzi mpya: alama ninazitoa kwa nini

Wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Mtwara nawapa zoezi la korosho: ingiza idadi ya magunia, bei ya mnada na makato, programu itoe malipo ya mkulima. Zoezi lina alama 20, na nne kati ya hizo ni za komenti, yaani maelezo anayoandikiwa msomaji ndani ya programu baada ya alama ya reli (#). Alama za komenti zikizidi nne, mwanafunzi anaandika insha na programu inabaki nusu.

Idadi ya komenti siihesabu kabisa. Ukitangaza "zisipungue tano", utaletewa tano za namna hii:

kilo = magunia * 80  # zidisha magunia kwa 80

Hiyo ni sifuri, kwa sababu mstari wenyewe umeshasema. Kisichojulikana ni hiyo 80 imetoka wapi:

kilo = magunia * 80  # gunia moja ni kilo 80; bei ya mnada ni kwa kilo, si kwa gunia

Hapa natoa alama mbili za sababu na moja ya vipimo. Kupima ni rahisi: funika komenti kwa kiganja, usome msimbo (mistari ya programu) peke yake. Kama hujapoteza kitu, komenti haikuwa na kazi.

Alama ya nne ni ya ukweli, na ndiyo wengi wanaikosa:

makato = kilo * 60  # shilingi 50 kwa kila kilo

Kompyuta haitalalamika, maana Python huruka kila kitu baada ya alama ya reli mpaka mwisho wa mstari. Atakayepotea ni msomaji: aamini 50 au 60? Mara nyingi mwanafunzi alirekebisha namba dakika za mwisho, komenti akaiacha. Namnyima alama hiyo hata kama jibu ni sahihi. Komenti ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwepo.

Mistari ya zamani ya msimbo iliyozimwa kwa kuwekewa reli mbele siihesabu kama komenti, ifutwe. Na akiandika "x ni kilo", namrudishia abadilishe jina x kwenye msimbo liwe kilo.

Lugha? Kiswahili, kama ndicho anachofikiria nacho. Anayelazimishwa Kiingereza cha kubahatisha huishia kunakili komenti za jirani, na hapo huwezi kujua ameelewa nini.

Pembeni siweki mkasi (X) wa kosa. Naandika swali, "Kwa nini 80?", kisha namrudishia kazi airekebishe kabla ya kipindi kinachofuata, ndipo naingiza alama kwenye daftari.