"Hauna kemikali" si sawa na "hauna sumu": unga wa lishe na dhana nyingine za chakula cha mtoto

Mzazi yuko tayari kulipa mara mbili kwa unga ulioandikwa "asilia", huku mtoto wake wa miezi 7 hajawahi kuonja maini wala dagaa. Tuwekane sawa kwanza. Kilimo hai ni namna ya kulima, bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Hakikuambii nafaka ilikaushwa juu ya nini, ilikaa ghala gani, wala kama uji una madini chuma ya kutosha. Tena, neno "asilia" lililochapwa kwenye stika ya mtaani si cheti. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Kama alama hiyo haipo, unachonunua ni ahadi ya muuzaji tu.

"Unga huu ni wa asili kabisa, hauna sumu"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana sumu ya kuogopwa zaidi kwenye unga wa mtoto ni ya asili. Sumukuvu (aflatoksini) hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, shambani wakati wa ukame au ghalani penye unyevu. Fangasi hao hawajali kama shamba lilipata samadi au mbolea ya dukani. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu, mengi yakiwa ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa hayajakauka. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara.

Kiwango kidogo cha kila siku hakimwangushi mtu hapo hapo. Kinaumiza ini polepole, kinaongeza hatari ya saratani ya ini, na kwa watoto kinahusishwa na udumavu. Mtoto wa kilo 8 anayekunywa uji uleule mara tatu kwa siku hupata dozi kubwa kwa uzito wake kuliko baba anayekula ugali. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na zile za aina ya B1, iliyo kali zaidi, zisizidi 5. Umoja wa Ulaya, kwa vyakula vya nafaka vya watoto wachanga, unaruhusu 0.1 tu ya B1. Kiwango chetu ni cha mahindi ya watu wote, hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto anayeanza kula.

Sasa angalia kilichomo kwenye huo "unga wa lishe": mahindi, karanga, soya, ulezi, mtama, ngano, mchele, na wengine huongeza dagaa, vyote vikasagwa pamoja. Mahindi na karanga ndiyo makao makuu ya sumukuvu, na vikishakuwa unga huwezi tena kuona punje mbovu. Mafuta ya karanga huchacha. Soya isiyopikwa vizuri ina vizuizi vya umeng'enyaji wa protini. Mtoto akitokwa na vipele, utajuaje kilichomdhuru kati ya vitu vinane? Na nafaka tano hazileti lishe mara tano: zote kwa sehemu kubwa ni wanga, na zote zina viambata vinavyozuia chuma kufyonzwa.

Kuchemsha uji kwa muda mrefu hakusaidii, kwani sumukuvu inastahimili joto la jikoni. Kazi yote iko kabla ya mashine. Chambua kwa mkono: toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Karanga chungu au iliyokunjamana itupwe. Usimpe hata kuku. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi asilimia 15. Rudisha kwenye turubai juani. Kwa mtoto, sembe ni salama kuliko dona, kwa kuwa sumukuvu nyingi hukaa kwenye kiini na pumba. Najua wapenzi wa dona hawatafurahi. Saga nafaka moja, ya kutosha wiki mbili. Karanga zisagwe peke yake, zitiwe kwenye sufuria siku ya kupika.

"Mboga za kilimo hai hazina dawa, hazihitaji kuoshwa sana"

Ni kweli mazao ya kilimo hai kwa kawaida hukutwa na masalia machache ya viuatilifu. Lakini kilimo hai nacho kina dawa zake zinazoruhusiwa, ikiwemo pareto, na samadi isiyooza vizuri hubeba bakteria na mayai ya minyoo. Osha kwa maji yanayotiririka, kisha pika. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha kilimo hai, kiwe nyanya, hoho au mchicha. Ndizi na parachichi unamenya ganda, usipoteze hela. Na uliza maji ya kumwagilia yametoka wapi: mchicha wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hata usiponyunyiziwa chochote, umekunywa maji machafu ya mji.

"Mayai ya kisasa yana homoni, kiini cha njano ndicho chenye lishe"

Kuku wa kisasa hukua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula, si homoni. Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku. Protini ni ileile. Ogopa zaidi mfugaji anayeuza mayai wakati kuku bado wako kwenye dozi ya antibayotiki.

"Asali mbichi ya nyuki wa porini haina shida"

Ina shida. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli. Hapana kabla ya miezi 12, hata tone la kulainisha koo.

"Nanunua pakiti za kilimo hai kutoka nje"

Nyingi ni matunda matamu yaliyosagwa, chuma karibu hamna. Mwaka 2021 kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliripoti metali nzito kwenye vyakula vya watoto, vikiwemo vya kilimo hai. Mpunga hufyonza aseniki, mojawapo ya sumu hizo, toka udongoni hata usipopuliziwa dawa.

Hiyo hela iende kwenye chuma. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 hivi kwa siku, na maziwa ya mama hutoa chini ya 1. Gramu 30 za maini ya kuku yaliyopikwa zina zaidi ya 3. Mpe mara moja kwa wiki, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Siku nyingine mpe nyama iliyosagwa au dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, kijiko kimoja cha chai juu ya maharage yaliyopondwa. Chakula kiwe kizito, kisidondoke kwenye kijiko ukikiinamisha. Kamulia limau au ongeza chungwa pembeni ili chuma ifyonzwe, na chai ya rangi msimpe, hata ya kuchovya mkate.