Kwa nini kompyuta ya Linux hukataa kusasisha programu saa yake inapokuwa imekosea?

Mwanzoni mwa Januari 2025, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, niliitwa kwenye chumba cha kompyuta cha sekondari moja. Mashine zenyewe ni za mtumba, karibu zote zimewekwa Ubuntu 24.04, moja ya mifumo ya Linux, na zilikuwa zimezimwa mpaka swichi za ukutani tangu Ijumaa ya tarehe 6 Desemba. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa ameshinda nazo asubuhi nzima. "Fundi, intaneti ipo, tovuti ya shule inafunguka, na hapa naona kabisa inapakua," akaniambia. "Halafu mwishoni inagoma. Tatizo nini?"

Nikakaa, nikaandika amri ile ile aliyokuwa akiiandika yeye:

sudo apt update

Mistari ya kwanza ikapita. Kisha ukaja ujumbe kwamba faili la noble-updates (noble ni jina la utani la Ubuntu 24.04) "is not valid yet", na mbele yake "invalid for another 32d 21h 14min 8s". Maana yake: faili hili bado halijaanza kuwa halali, litakuwa halali baada ya siku 32 na saa 21, na kwa hiyo masasisho yake hayatatumika. Nikainua macho juu ya skrini, pale saa inapokaa. Ilionyesha 6 Desemba. Sisi tulikuwa 8 Januari.

Kwa hiyo tatizo ni saa. Lakini swali la mwalimu lilikuwa zuri kuliko jibu hilo, maana kurekebisha saa ni kazi ya dakika moja. Kwa nini programu ya kupakua vitu iijali tarehe kiasi hicho? Faili limefika zima, mtandao upo. Kuna ubaya gani?

Tuanzie kwenye hazina. Katika Debian, ambayo Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, na Ubuntu iliyochipuka kutoka kwake mwaka 2004, programu hazitafutwi tovuti moja baada ya nyingine. Zimekusanywa mahali pamoja kama vifurushi (si vile vya bando), na apt ndiyo inayotumwa kwenda kuvichukua. Hazina hiyo haikai kwenye seva moja. Vyuo, kampuni za intaneti na watu wa kujitolea duniani kote wanaweka nakala zake, ili mtu wa Mwanza asilazimike kuvuta kila kitu kutoka London. Nakala nyingi husafiri kwa http tupu, bila kufungwa kwa siri yoyote. Wengi wakigundua hilo hushtuka.

Inawezekanaje basi kumwamini mwenye seva usiyemjua? Kwa sababu apt haimwamini. Inachoamini ni sahihi. Kitu cha kwanza inachokiomba ni faili dogo liitwalo InRelease, ambalo limetiwa sahihi ya kidijitali na wenye mfumo. Ndani yake kuna tarehe lilipotengenezwa, na alama ya SHA256 ya kila orodha ya vifurushi. Alama hiyo ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Gusa herufi moja tu ndani ya faili, na mfuatano wote unageuka. Orodha nazo zinabeba alama ya kila kifurushi. Sahihi moja inalinda orodha, orodha zinalinda vifurushi, na aliye njiani akichezea chochote, hesabu zinakataa.

Mpango huu naupenda sana, na ulinilinda miaka mingi kabla sijauelewa. Ila una pengo moja ambalo sahihi peke yake haiwezi kuliziba: sahihi haizeeki. Hati uliyotia sahihi mwaka juzi bado ni yako leo, hata kama yaliyomo yamepitwa na wakati.

Chukua mfano wa Heartbleed, lile tundu la OpenSSL, programu ya usimbaji inayotumiwa na seva nyingi, lililotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, lililomwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwamo. Dawa ilitoka siku hiyo hiyo. Sasa fikiria mwenye seva ya nakala asiye mwema, aliyehifadhi InRelease ya mwezi Machi. Sahihi yake ni halali kabisa. Alama zote zinalingana. Hajaghushi kitu. Anachofanya ni kuendelea kukupa ya Machi, leo, kesho, mwezi ujao, na kompyuta yako inakuambia kwa utulivu kwamba hakuna jipya. Wewe unalala usingizi, mlango uko wazi.

Hii si hofu ya mezani. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa na Justin Cappos katika Chuo Kikuu cha Arizona walikodi seva, wakajitambulisha kwa jina la kampuni ya kubuni, wakaomba kuwa seva ya nakala ya mifumo kadhaa maarufu ya Linux. Walikubaliwa.

Pengo hilo huzibwa kwa tarehe. Hazina inaweza kuandika ndani ya InRelease siku ya mwisho ya kuaminika kwake, kwenye mstari uitwao Valid-Until. Ile ya masasisho ya usalama ya Debian hupewa muda wa wiki moja hivi, kisha lazima itengenezwe na kutiwa sahihi upya, hata kama hakuna kifurushi kipya. Anayekulisha orodha ya zamani anagundulika wiki hiyo ikiisha.

Hapo ndipo saa yako inapoingia kama shahidi. Kauli ya kwamba faili limeisha muda inategemea jibu la swali jingine: leo ni lini? Saa ikiwa nyuma mwezi mzima, orodha iliyokwisha muda wiki tatu zilizopita itaonekana mbichi. Ulinzi wote unaanguka bila mtu kugusa kitu. Apt haiwezi kujua moja kwa moja kwamba saa yako imebaki nyuma, ila kuna dalili moja inayoweza kuiona. Akija mtu na hati yenye sahihi ya kweli iliyoandikwa tarehe ya kesho, ama hati ina kasoro, ama kalenda yako ndiyo inayodanganya. Vyovyote iwavyo, huna tena msingi wa kupima umri wa hati yoyote. Kwa hiyo apt inasimama. Kwa kawaida inavumilia tofauti ya sekunde 10 tu kwenda mbele, si zaidi.

Mwalimu akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliona bila kulitilia maanani: mbona mstari wa kwanza, ule wa noble yenyewe, ulipita? Kwa sababu faili la noble lilitiwa sahihi Aprili 2024, siku Ubuntu 24.04 ilipotoka, na haliguswi tena. Hata kwa saa iliyokwama Desemba, Aprili imekwishapita. Zinazolalamika ni noble-updates na noble-security, ambazo hutiwa sahihi upya kila mara. Ukiona sehemu moja ya hazina inakubaliwa na zile mbili zinakataliwa, usianze kulaumu seva, tazama saa. Kivinjari nacho kikianza kukataa tovuti za https kwa madai kwamba vyeti vyake havifai, huhitaji ushahidi mwingine, kwa kuwa vyeti hivyo navyo vina siku ya kuanza na siku ya kwisha.

Saa ya mashine zile ilikuwa imekufa kwa njia ya kawaida. Kwenye madabodi kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati umeme umekatika. Kwenye kompyuta ya mtumba mara nyingi betri hiyo ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiisha, saa ya madabodi inarudi miaka mingi nyuma. Ubuntu 24.04 hujitahidi: programu yake ya saa, systemd-timesyncd, huandika kwenye diski muda wa mwisho inaoujua, na mashine ikiwaka na saa ya kale, inairusha mpaka hapo. Ndiyo maana hatukuona tarehe ya ajabu ya 2010, tuliona ile Ijumaa ya kufunga shule, kama mtu aliyezirai na kuzinduka akidhani bado ni siku ile. Baada ya hapo mfumo huuliza muda halisi mtandaoni kupitia mlango wa UDP namba 123. Fayawoli ya shule, yaani kizuizi cha mtandao wake, ilikuwa imefungua njia ya tovuti tu. Maombi ya saa yalikuwa yanatoka na kufia ukutani.

Uthibitisho ni amri moja, timedatectl. Palipoandikwa System clock synchronized palisema no. Tukawasha hotspot ya simu, tukaunganisha mashine moja, na kabla mwalimu hajamaliza kuniuliza bando inaliwa kiasi gani, saa ikaruka kutoka Desemba hadi Januari. Apt update ikapita bila neno. Kusipokuwa na simu, unaweza kuiweka saa kwa mkono kwa sudo date -s ikifuatwa na tarehe na saa ndani ya alama za kunukuu, lakini angalia ukanda wa saa kwanza: uwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, si vinginevyo.

Na hapa kuna mtego wetu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Linux kwa kawaida hutaka saa ya madabodi iwe ya UTC, majira ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma yetu. Saa nne asubuhi, ukiingia kwenye BIOS, mipangilio ya madabodi yenyewe, utakuta 07:00, na hiyo ni sawa kabisa. Fundi anayeona 07:00 akadhani imekosea, akaandika 04:00 kwa kuwa kichwani mwake ni saa nne, ameirudisha mashine nyuma saa tatu nzima. Akiandika 10:00, ameisukuma mbele saa tatu. Hilo la pili ndilo linalowapata pia wenye Windows na Linux kwenye laptopu moja, kwa kuwa Windows huiandika saa ya madabodi kwa majira ya hapa na Linux huisoma kama UTC. Kwenda mbele saa tatu apt hailalamiki sana, ila ratiba na kumbukumbu zako zote zinapinda.

Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja, za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya kujitegemea kabisa, kwa hiyo kila zikiwaka bila mtandao zina shida hii hii. Mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, zilizositishwa kisha kuamshwa, na Linux inayoendeshwa ndani ya Windows kwenye laptopu iliyolala usiku, nazo huamka na saa iliyobaki nyuma.

Ukitafuta msaada utaelekezwa haraka sana kuzima ukaguzi, kwa kuweka Acquire::Check-Date kuwa false au kuandika trusted=yes kwenye orodha ya hazina. Naomba usifanye hivyo. La kwanza linanyamazisha shahidi, la pili linaondoa sahihi yenyewe, na mistari hiyo ikishaingia kwenye mipangilio hakuna anayekumbuka kuitoa. Mahali pekee ambapo mimi hulegeza tarehe, na kwa amri ya mara moja tu, ni archive.debian.org, makumbusho ya matoleo yaliyostaafu, ambako Valid-Until zilikwisha zamani na hakuna atakayeziandika upya.

Makosa mengine ya apt nayo husomeka vizuri ukiushika mnyororo ule. NO_PUBKEY ni kwamba sahihi ipo lakini huna ufunguo wa kuihakiki. Uchukue kutoka kwa mwenye hazina mwenyewe, si kwenye ukurasa wowote utakaokutana nao. Hash Sum mismatch ni alama kutolingana, na mara nyingi ni proksi, seva ya kati inayohifadhi nakala, iliyokupa nusu ya jana na nusu ya leo. NOSPLIT hutokea sana kwenye Wi-Fi za hosteli: apt imeomba InRelease ikapewa ukurasa wa kuingiza nywila. Fungua kivinjari, ingia, rudi. Ama ule unaosema lock inashikiliwa na unattended-upgr, hapo mashine inajisasisha yenyewe nyuma ya pazia. Ngoja imalize, usilifute faili la lock.

Betri tulinunua za mashine zote siku ile ile, na mwalimu akaandika barua ya kuomba mlango wa 123 ufunguliwe. Moja tu ilibaki kugoma, saa ikiwa sahihi kabisa. Ilisema 404. Hiyo mtu aliiweka Ubuntu 23.04, toleo la kuhudumiwa miezi 9 tu, na huduma yake ilikwisha Januari 2024. Mafaili yake yalishahamishiwa old-releases.ubuntu.com. Tulinakili kazi za wanafunzi kwenye flashi, tukaiwekea 24.04 upya.