Je, wajua kwa nini michezo ya vita ya kompyuta haitaki kutoka 1944?

Jumamosi moja mpwa wangu alinikuta sebuleni, Buruburu, Nairobi, nimeinamia laptopu. Kikosi changu kilikuwa kimejibanza nyuma ya ukuta wa mawe huko Normandy, Ufaransa, kikisubiri kifaru cha Wajerumani kipite. Kijana alitazama kama dakika mbili hivi, kisha akauliza, "Anko, hawa hawana droni?" Nikamwambia huo ni mwaka wa 1944. "Sasa si ucheze ya siku hizi? Hii ni vita ya akina guka, mababu."

Nilimpa jibu la haraka haraka ili anipishe nimalize zamu yangu, lakini swali lilinibakia. Anayeingia kwenye michezo ya vita ya kimbinu, ile ambayo huongozi taifa wala jeshi zima bali platuni moja au kombania, mtu kwa mtu na kifaru kwa kifaru, hukuta Vita Vikuu vya Pili vimejaa kila pembe. Squad Leader, mchezo wa ubaoni uliowafunza wengi, ulitoka 1977 na ulihusu vita hivyo. Steel Panthers wa 1995, hivyo hivyo. Close Combat wa 1996 ulianzia Normandy, na Combat Mission wa 2000 pia. Kuna waliojaribu vita vya siku hizi, na baadhi yao walifanikiwa, lakini mwishowe watengenezaji na wachezaji hurudi kwa akina guka kama ng'ombe anavyojua njia ya zizini.

Wengine husema sababu ni filamu, au ni fahari ya Wamarekani na Waingereza kukumbuka vita walivyoshinda. Sibishi sana. Lakini hiyo haielezi kwa nini mimi, mkazi wa Nairobi ambaye babu yake hakukanyaga Ulaya, huchoka na vita vya kisasa baada ya wiki mbili na kurudi kwenye ukuta wangu wa mawe. Sababu iko ndani ya mchezo wenyewe.

Fikiria drafti. Si ile ya kwenye simu, bali ile ya kipande cha mbao na vifuniko vya soda, inayochezwa kwenye stendi za bodaboda wateja wakiadimika. Kete ya kawaida husogea hatua moja. Kwa sababu ya mwendo huo wa polepole, unapata nafasi ya kutega, kutoa kete moja iliwe ili ule mbili, kumvuta mwenzako mpaka kona mbaya. Kisha mtu anapata kingi, na kingi hukata ubao mzima kwa mkupuo mmoja. Sasa hebu anza mchezo kete zote zikiwa kingi. Utaisha upesi, na mara nyingi atakayeshinda ni yule aliyeanza.

Vita vya kisasa uwanjani ni drafti ya kingi watupu.

Tuweke vipimo. Panzerfaust, silaha ya bei nafuu ya Wajerumani ya kupasulia vifaru, toleo lake la 1943 lilikuwa na masafa ya kama mita 30, na la 1944 mita 60. Mita 30 ni kuvuka barabara tu. Askari mwenye silaha hiyo ilimbidi ajifiche, anyamaze, aache kifaru kimkaribie hadi asikie minyororo yake ikisaga mawe, ndipo afyatue. Mchezaji naye lazima aamue: nimweke kwenye dirisha lipi? Afyatue kabla ya wenzake au baada yao? Akigunduliwa mapema, atatorokea wapi? Hapo umepata maamuzi matatu kabla risasi haijalia.

Sasa chukua Javelin, kombora la Kimarekani la leo. Matoleo yake ya mwanzo yaliweza kupiga kifaru kilicho kilomita 2 na zaidi, na lina akili ya kulifuata windo lenyewe baada ya kufyatuliwa. Kenyatta Avenue, tangu Uhuru Highway hadi Moi Avenue, ni kama kilomita moja tu. Yaani mtu aliyeketi Moi Avenue anaweza kukipiga kifaru kabla hakijafika hata Uhuru Highway, mradi akione. Mtengenezaji wa mchezo anayetaka kuonyesha jambo hilo kwa haki analazimika kuchora ramani kubwa mno, na kompyuta zetu tulizonunua Luthuli Avenue zikiwa zimeshatumika na wengine hukoroma kama posho mill.

Neno kuu hapo ni kuona. Katika vita vya 1944 kifaru cha Tiger kilikuwa na mzinga wa milimita 88 na chuma cha mbele chenye unene wa milimita 100. T-34 ya Kirusi yenye mzinga wa milimita 76 haikuweza kukitoboa Tiger usoni kwa masafa ya kawaida. Ilibidi ikizunguke na kukipiga ubavuni, mita mia chache tu, kwa kutumia bonde, kichaka na moshi. Kwa hiyo aliye dhaifu ana njia, lakini njia hiyo ina gharama na inataka akili. Moshi wa wakati huo ulikuwa ukuta: ukiufyatua, adui haoni kitu.

Kufikia 1991 mambo yalikuwa yamegeuka. Tarehe 26 Februari mwaka huo, katika jangwa la Iraki, Wamarekani walikutana na kikosi cha Republican Guard, jeshi teule la Iraki, mahali walipopaita 73 Easting. Upepo ulikuwa umeinua mchanga, macho ya kawaida hayaoni mbali. Lakini vifaru vya Kimarekani vya Abrams vilikuwa na darubini zinazoona joto, na vumbi haliwezi kuficha joto la injini. Kikosi cha Kapteni H. R. McMaster kiliteketeza vifaru 28 kwa dakika 23, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, bila kupoteza hata kimoja. Baadaye jeshi la Marekani liliyaweka mapigano hayo kwenye kompyuta ili kufunzia maafisa.

Kwa mwanajeshi hilo ni somo zuri. Kwa mchezaji ni balaa, upande wowote atakaochagua. Ukiwa Mmarekani unabonyeza na kungoja. Ukiwa Mwiraki unakufa bila kujua ulichopigwa nacho. Nimejaribu pande zote mbili, na sijui upi ulinichosha zaidi.

Ndiyo maana mchezo wa kisasa ukitaka kuwa mchezo, hutafuta hila. Combat Mission: Shock Force, uliotoka 2007, ulibuni uvamizi wa Marekani nchini Syria katika mwaka wa 2008. Silaha za Wamarekani zilikuwa bora kiasi cha kutia huruma, basi mizani ikawekwa kwenye alama: mara nyingi upande wenye nguvu hushindwa ukipoteza askari wachache tu, au ukibomoa jengo ulilotakiwa kulihifadhi. Upande dhaifu hauhitaji kushinda, unahitaji kuuma. Ni hila ya busara, na ina ukweli ndani yake, maana serikali zenye nguvu huogopa majeneza kuliko kushindwa. Hila nyingine ni kuwapeleka wote mjini. Kwenye vichochoro kama vya River Road kombora la kilomita 2 halina faida kumzidi jirani mwenye rungu. Masafa hurudi kuwa mita 30, na 1944 inarejea ikiwa imevaa nguo mpya.

Hila ninayoipenda zaidi ni ya kurudi nyuma kidogo tu. Mwaka 2021 ulitoka Combat Mission: Cold War, unaohusu vita ambavyo havikutokea, kati ya NATO na Warusi nchini Ujerumani miaka ya 1979 hadi 1982. Makombora yapo, lakini darubini za joto bado hazijaenea. Kete kadhaa ni kingi na nyingine bado zinatembea hatua moja moja. Hapo ndipo ningemwanzisha mtu anayetaka silaha za kisasa bila kupoteza utamu wa drafti.

Kuna jambo la pili: siri. Kifaru cha 1943 hakina la kuficha. Waingereza walikiteka Tiger kizima huko Tunisia mwezi Aprili mwaka huo, wakakipeleka kwao, wakakipima chuma kwa chuma, na hadi leo kipo kwenye jumba la makumbusho la Bovington. Mtengenezaji anayetaka kujua unene wa ubavu wake anafungua kitabu. Lakini chuma cha mseto kilichobuniwa na Waingereza miaka ya 1960, ambacho baadaye kiliwafaa Wamarekani kwenye Abrams, mchanganyiko wake bado ni siri ya serikali. Mtengenezaji anakisia. Na wachezaji hawapendi kukisiwa. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder, mchezo wa vifaru na ndege, alikasirishwa na jinsi kifaru cha Uingereza cha Challenger 2 kilivyochorwa, akaweka hadharani kurasa za kitabu halisi cha jeshi ili kuthibitisha kwamba mchezo umekosea. Baada yake wakafuata wengine na vifaru vya Ufaransa na China. Mtu anahatarisha jela kwa sababu ya kifaru cha kwenye skrini! Wakati mwingine nikiwaona wanaobishana kuhusu matatu gani ina spika kubwa, nawaona ni watu wenye kiasi.

Na hata ukikisia vizuri, dunia inakupita. Combat Mission: Black Sea ulitoka Januari 2015, na ulibuni vita vya Urusi na Ukraine katika mwaka wa 2017. Walioutengeneza walikuwa wameanza kazi kabla mgogoro wa 2014 haujalipuka, hivyo kwa upande wa siasa walikuwa kama watabiri. Vita vyenyewe vikubwa vilipokuja Februari 2022, kilichotawala uwanja baadaye ni kitu ambacho mchezo haukuwa nacho: vidroni vidogo vya bei rahisi vinavyombebea bomu askari mmoja mmoja hadi shimoni mwake. Mchezo wa 1944 hauzeeki namna hiyo, kwa kuwa ulizaliwa mzee.

La tatu nilisema kwa kifupi siku ile, lakini ndilo zito. Mwaka 2009 kampuni ya Konami iliachana na Six Days in Fallujah, mchezo kuhusu mapigano ya Iraki ya 2004, baada ya baadhi ya familia za waliopoteza watu wao kulalamika. Mchezo huo ulikuja kutoka 2023 kupitia mikono mingine. Wanaoona malalamiko hayo ni ya kudeka, hapa kwetu nawauliza hivi: nani atauza Nairobi mchezo wa El Adde, kambi ya jeshi letu huko Somalia iliyovamiwa Januari 2016? Wajane wako mitaani humu humu. Watoto wa marehemu wako shule moja na watoto wetu. Umbali wa miaka hauondoi ubaya wa vita; unaondoa tu uwezekano wa kukutana na mfiwa mwenyewe kwenye foleni ya supamaketi.

Ingawa hapo nina ugomvi mdogo na hao watengenezaji wa michezo ya historia. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mtaa wa Kariakor ulipata jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi. Vita hivyo vilipiganwa Longido, Salaita, Taveta, mahali ambapo unafika kwa basi na kurudi. Msituni mle askari aliona mita chache tu mbele yake, kwa hiyo kete zote zilitembea hatua moja moja. Kwa mchezo wa kimbinu ni uwanja wa dhahabu. Lakini michezo kumi itatengenezwa kuhusu kijiji kimoja cha Normandy kabla mmoja haujafika Taveta.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu siku nyingine, tukisubiri chai ipoe. Drafti aliielewa mara moja. Kwa El Adde alinyamaza. Nilipofika kwenye vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambako Waingereza waliteremsha askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani la kama watu 1,000 tu, nikamweleza pia kwamba katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilivurugwa na nyuki wakawashambulia askari wa pande zote mbili bila kuuliza bendera.

Akaivuta laptopu yangu karibu, akatazama vitufe vya chini ya skrini kimoja kimoja.

"Na nyuki," akauliza, "unabonyeza wapi?"