Karatasi ya hospitali, daftari la komini na hesabu ya watu wetu

Kila madarasa yanapojaa kupita kiasi hapa Lubumbashi, utasikia: "Serikali haijui tuko wangapi, kwa sababu hakuna sensa." Kuhusu sensa wana haki. Ya mwisho Kongo ilifanywa mwaka 1984, ikahesabu watu milioni 30 hivi, na makadirio ya leo bado yanaegemea hiyo kwa sehemu kubwa.

Ila takwimu rasmi haziishi kwa sensa tu. Kanuni za msingi za takwimu rasmi zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014 zinakubali utafiti wa nyumba kwa nyumba na rejista za ofisi pia. Wanatakwimu wapime ubora, muda, gharama na usumbufu kwa watu wanaoulizwa. Denmark, ambako kila mkazi ana namba yake tangu 1968, ilifanya sensa ya 1981 kwa rejista peke yake, bila kubisha hodi kwa mtu. Kuna maneno mengine pia ninayoyasikia kwa watu, nami nayajibu moja moja.

"Mtoto ameshaandikwa, hospitali ilitupa karatasi."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mkunga anapomaliza kazi yake anafungua daftari kubwa na kuandika jina la mama, siku, saa, jinsia, uzito. Mwisho wa mwezi mistari ile inajumlishwa, hesabu inapanda kwenye zoni ya afya, halafu juu zaidi. Kwa takwimu za afya, mtoto yupo. Kwa komini, yaani serikali ya sehemu ya mji, hajazaliwa bado. Karatasi ile ni ushahidi wa kupeleka kwa afisa wa komini, naye ndiye anayetoa cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha, bila malipo. Zikipita, mzazi anatafuta hukumu ya mahakama.

Nimewaona akina mama wakiifunga karatasi ya hospitali kwenye plastiki pamoja na kadi ya chanjo na kuilaza chini ya vitenge sandukuni. Ukimuuliza, "Mama, mtoto umemwandikisha?" anaitoa kwa fahari: "Ndiyo, hii hapa." Hakuna uzembe hapo. Hakuna aliyemwambia kwamba safari ilikuwa bado.

"Orodha ya wapiga kura inatosha."

Inakosa watoto wote, na karibu nusu ya Wakongo hawajafika miaka 15. Wanajeshi na polisi walio kazini hawapigi kura. Kadi ya mpiga kura tumeizoea kama kitambulisho, lakini idadi ya kadi si idadi ya watu.

"Nikiandikwa, watu wa kodi watanifuata."

Kanuni zilezile za Umoja wa Mataifa zinadai siri: habari ya mtu mmoja inayokusanywa kwa takwimu itumike kwa takwimu tu. Rejista inaweza kuwalisha wanatakwimu. Wao hawaruhusiwi kurudisha majina kwa ofisi nyingine.

"Tukiwa na rejista, utafiti wa nini tena?"

Daftari haliwezi kumhesabu asiyekuwemo. Tunajuaje basi kwamba watoto wengi wamekosa cheti? Utafiti wa 2017–2018 uliwauliza wazazi majumbani, ukakuta watoto walioandikishwa, kati ya wale wasiofika miaka 5, ni kama 40 kwa kila 100. Hakuna daftari la komini ambalo lingeweza kusema hivyo juu yake lenyewe.

Na vifo ndivyo vigumu zaidi. Kuzaliwa kuna shule mbele yake, ipo siku cheti kitaulizwa. Kifo kina nini? Familia inakaa matanga, inazika, inagawana vyombo, na kama hakuna pensheni wala nyumba ya kurithi, nani atapanga foleni komini? Hivyo rejista inajua kuongeza, haijui kupunguza. Kwenye avenyu yetu kuna mzee tuliyemzika zamani, wajukuu wake wameshaoa, na kwenye fishi ya kartye, karatasi ya wakazi wa mtaa, jina lake liko palepale, halijachorwa mstari.