Yoga ya Patanjali si kuungana: Mkristo asomeje Yogasutra

Karibu kila mjadala wa Wakristo kuhusu yoga huanzia kwenye neno lenyewe. Mhubiri anasema yoga ni "kuungana", na kwa kuwa imetoka kwa Wahindu, basi ni kuungana na miungu yao. Mwalimu wa mazoezi anamjibu kwamba ni kuungana kweli, ila ni kwa mwili na akili, kwa hiyo dini haimo. Wote wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja. Katika Yogasutra ya Patanjali, kitabu ambacho ndicho msingi wa shule ya Yoga, neno hilo halina maana ya kuungana. Mfafanuzi wake mkuu, Vyasa, analieleza kwa maneno mawili ya Kisanskriti: yogah samadhih, yaani yoga ni kutulia kwa ndani kunakokusanyika mahali pamoja. Kisanskriti kina mizizi miwili ya yuj: mmoja wa kufunga pamoja, kama ng'ombe kwenye nira, na mwingine wa kutulia katika jambo moja. Vachaspati Mishra, mfafanuzi mwingine wa kale, alisema wazi kwamba hapa ni huo wa pili. Mfalme Bhoja, naye mfafanuzi wa kitabu hicho, karne ya 11, alikwenda mbali zaidi akaandika kwamba yoga hapa ni viyoga, kutengana.

Kutengana kwa nini na nini? Mkristo aanze na swali hilo, na jibu lake linapatikana kwa shule pacha ya Yoga, yaani Sankhya.

Shule za kale za falsafa ya Kihindi zinazokubali Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, huhesabiwa sita, nazo huitwa darshana, mitazamo. Huenda mbili mbili: Nyaya na Vaisheshika, Sankhya na Yoga, Mimamsa na Vedanta. Ramani ya ulimwengu ambayo Yoga inaitumia ni ile ya Sankhya, iliyokusanywa katika Sankhyakarika ya Ishvarakrishna, beti zipatazo 70 tu. Ina vitu 25. Upande mmoja yuko purusha, mwenye kushuhudia. Upande wa pili iko prakriti, maumbile, pamoja na mazao yake 23: buddhi, inayopambanua na kuamua, ahamkara, inayojenga "mimi", manas, inayopokea na kupanga, milango mitano ya fahamu, nguvu tano za kutenda, asili tano laini za sauti, mguso, umbo, ladha na harufu, na mwisho anga, hewa, moto, maji na ardhi.

Tazama mstari umepigwa wapi. Sisi tumezoea kuweka roho na akili upande mmoja, mwili upande wa pili. Sankhya inaiweka akili pamoja na kumbukumbu, nia na hata hisia ya kuwa "mimi" upande ule ule wa mawe na udongo. Ni maumbile, ila laini zaidi. Purusha hafikiri, hatendi, hapendi, hachukii, anaona tu. Mapokeo yanatoa mfano wa fuwele safi iliyowekwa karibu na ua jekundu: itaonekana nyekundu, na yenyewe haijabadilika hata kidogo. Mtu anaposema "nina huzuni", huzuni iko kwenye buddhi, na purusha anaonekana tu kana kwamba amepakwa rangi yake. Ukombozi ni kutambua tofauti hiyo mpaka mwisho. Unaitwa kaivalya, neno linalotokana na kevala, "peke". Beti ya 59 inasema prakriti ni kama mcheza ngoma ambaye, akishajionyesha mbele ya watazamaji, huacha kucheza. Purusha ni wengi, na kila mmoja akifunguliwa hubaki peke yake. Hawakutani wao kwa wao, wala hawakutani na Mungu.

Hapa tafsiri za Kiswahili huleta madhara makubwa bila mtu kukusudia. Ukiandika "roho" mahali pa purusha, msomaji anasikia Roho anayeomba, anayehuzunika, anayeongoza. Ukiandika "nafsi", ni vibaya zaidi, kwa sababu Mwanzo 2:7 inasema mtu alipopuliziwa pumzi ya uhai "akawa nafsi hai", mavumbi na pumzi kwa pamoja, na hilo linasemwa kama jambo jema. Kwa Patanjali mchanganyiko wa namna hiyo ndio ugonjwa wenyewe. Sutra 2.6 (sutra ni kauli fupi ya kitabu chake, na namba ya kwanza ni sura) inauita asmita: kumchanganya anayeona na chombo cha kuonea. Chanzo chake ni avidya, ambayo sutra 2.5 inaieleza kuwa ni kudhani kisichodumu kinadumu, kichafu ni safi, chenye maumivu ni raha, na kisicho purusha ni purusha. Usiitafsiri kwa neno "dhambi". Dhambi ina mtu aliyekosewa. Avidya haina; ni kosa la kuona. Mimi huyaacha maneno haya katika Kisanskriti na kuyaeleza mara moja kwa kirefu, nikijua kwamba msomaji atavumilia maneno kumi mageni kuliko kudanganywa na maneno kumi anayoyajua.

Sasa chukua sutra 1.2, ambayo inanukuliwa kila mahali: yogash chitta-vritti-nirodhah. Chitta ni chombo chote cha ndani. Vritti inatokana na mzizi wa kuzunguka, ni mizunguko ya chombo hicho. Nirodha ni kuizuia mpaka itulie. Wengi wanasoma "kutuliza mawazo" na kufikiria wasiwasi wa kazini na kodi ya nyumba. Lakini sutra ya 1.6 inaitaja mizunguko mitano: ujuzi sahihi, ujuzi wa makosa, dhana za maneno matupu, usingizi na kumbukumbu. Wa kwanza ni ujuzi sahihi! Na 1.7 inasema ujuzi sahihi unatokana na kuona, kukisia kwa hoja, na agama, ushuhuda wa kuaminika, ambamo maandiko matakatifu yamo. Yote hiyo hatimaye inatulizwa, pamoja na kila unachokijua kwa kweli kuhusu Mungu. Mkristo anayesema "natumia yoga nitulie ili nisikie Neno" anafanya jambo linaloweza kumfaa sana, lakini amesimama pale ambapo Patanjali anapita tu.

Wasomi hupenda kumlinganisha Patanjali na Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyefariki jangwani Misri mwaka 399, kwa kuwa naye aliandika, katika kitabu chake kuhusu sala, kwamba sala ni kuyaweka kando mawazo. Ulinganisho ni wa haki mradi usikatwe nusu. Katika kitabu hicho hicho Evagrio anasema sala ni mazungumzo ya akili na Mungu. Anayaweka mawazo kando kama mtu anayezima redio mgeni anapobisha hodi.

Je, Ishvara? Kwa kuwa neno hilo hutafsiriwa "Bwana" au "Mungu", wengi huona hapo ndipo daraja lilipo. Soma 1.23 polepole: samadhi, ule utulivu wa ndani, hupatikana pia ishvara-pranidhanad va, kwa kujikabidhi kwa Ishvara, "au". Neno dogo la mwisho, va, linamfanya Ishvara awe njia mojawapo kati ya nyingine. Sutra 1.24 inamwita purusha wa pekee ambaye hajawahi kuguswa na mateso ya ndani, matendo, matunda yake wala akiba yake. Ndani yake mna mbegu ya ujuzi wote usiopitwa, na ni mwalimu hata wa wale wa zamani kabisa, kwani wakati haumwekei mpaka. Hakuumba prakriti, kwa sababu prakriti haina mwanzo. Wala si mwisho wa safari, kwani mtu akifunguliwa haendi kuishi naye. Hata hivyo Vyasa, akifafanua 1.23, anasema Ishvara humwelekea yogi kwa anugraha, upendeleo, kwa kumkusudia tu. Sentensi hiyo ni ya thamani. Asiyeitaja anaionea Yoga, na anayejenga juu yake theolojia nzima ya neema anaweka ghorofa juu ya tofali moja.

Wakristo wa India wenyewe waliyachambua haya zamani. Nehemiah Goreh, Brahmini wa Varanasi aliyebatizwa mwaka 1848, alichapisha kwa Kihindi Shaddarshan Darpan mwaka 1860, akizipima shule zote sita. Hoja yake yenye nguvu ni kwamba hakuna hata moja yenye uumbaji kutoka katika utupu. Hata Nyaya, ambayo kupitia Udayana ilitoa hoja za kuwapo kwa Mungu (chungu kina mfinyanzi, dunia nayo ina mtengenezaji), ina Mungu anayepanga atomu zilizokuwapo tangu milele na kugawa matunda ya karma, yaani ya matendo ya watu. Goreh alikuwa sahihi, ila alisoma kama mwendesha mashtaka. Brahmabandhab Upadhyay alichukua njia nyingine: alitaka Vedanta iutumikie Ukristo kama Aristotle alivyomtumikia Thomas wa Akwino, na mwaka 1898 katika jarida lake, Sophia, akachapisha utenzi wa Kisanskriti unaomsifu Utatu kwa jina la Sachchidananda: sat, kuwapo, chit, fahamu, ananda, furaha. Napenda ujasiri wake. Ufa upo hapa: katika Advaita ya Shankara, tawi la Vedanta linalofundisha kwamba uhalisi ni mmoja tu, maneno hayo hayataji watatu, wala sifa tatu, yanaelekeza kwenye kitu kimoja kisicho na mgawanyiko wowote. Upendo kati ya Baba na Mwana hauwezi kutoka humo. Unapaswa kuletwa kutoka nje.

Jambo moja kwa walio Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam: jirani yako Mhindu huenda asijue lolote kuhusu kaivalya. Familia nyingi za Kigujarati hapa kwetu ni watu wa bhakti, yaani ibada ya upendo kwa Mungu, wa Krishna au wa Swaminarayan, na mawazo yao yako karibu zaidi na Ramanuja, mwalimu wa tawi jingine la Vedanta, ambaye alifundisha kwamba nafsi ni kama mwili wa Mungu na kwamba inaokolewa kwa kumpenda na kumkimbilia. Mazungumzo kuhusu neema yataanza vizuri zaidi hapo. A. J. Appasamy, mwanatheolojia Mkristo wa India aliyekuja kuwa askofu wa Coimbatore, aliifuata njia hiyo.

Nije kwenye darasa la mazoezi. Kati ya sutra 195 za Patanjali, zinazohusu asana, yaani mkao, ni tatu, 2.46 hadi 2.48, na asana humo ni kukaa tu, kwa uthabiti na raha. Hathapradipika, kitabu cha yoga ya mwili cha karne ya 15, inaeleza mikao 15. Mifululizo ya kusimama, kuinama na kuruka inayofundishwa leo imetokana kwa sehemu kubwa na walimu wa karne ya 20, hasa Krishnamacharya aliyefundisha Mysore miaka ya 1930. Kunyoosha misuli ya paja si ibada. Kinachotakiwa kupimwa ni maneno. Om, kwa sutra 1.27, ni jina linalomtaja Ishvara, na 1.28 inaagiza kulirudia huku ukiizamia maana yake. Kwa hiyo darasa likiimba Om, wewe nyamaza, wala huhitaji kuondoka. Surya namaskar, salamu ya jua, ina majina 12 ya Surya, mungu wa jua, yanayotamkwa kwa kila mzunguko; fanya mzunguko, acha majina. Namaste ni salamu ya kawaida. Ukiitiwa kupewa mantra (maneno matakatifu ya kurudiwa) ya siri na guru, yaani mwalimu wa kiroho, kataa, maana hapo unaingizwa katika nasaba ya mafundisho.

Pumzi ndiyo inayoumiza watu. Hathapradipika 2.15 inasema pumzi hufugwa polepole kama simba, tembo na chui milia, la sivyo humuua anayeizoeza, na mistari inayofuata inataja kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa, masikio na macho. Anayeanza asizuie pumzi kabisa. Kaa juu ya blanketi lililokunjwa, nyonga zipande kidogo kuliko magoti, au kaa kwenye kiti. Vuta kwa pua kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 5. Vidole vikianza kufa ganzi au kichwa kikawa chepesi, unapumua kupita kiasi na damu imepungukiwa kabonidayoksaidi. Rudi kwenye pumzi ya kawaida. Mwenye mimba, shinikizo la damu au glakoma asizuie pumzi wala asikae kichwa chini. Kisha unaweza kuiweka sala ya Yesu juu ya pumzi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu" ukivuta, "unihurumie mimi mwenye dhambi" ukitoa. Gregory Palamas, mwanatheolojia wa Kiorthodoksi, aliwatetea wamonaki waliosali kwa namna hiyo katika karne ya 14, akisema inawafaa wanaoanza. Na ukihisi joto, mwanga au utulivu mtamu, kumbuka onyo la barua ya Vatikani ya tarehe 15 Oktoba 1989: mazoezi ya mwili huleta hisia hizo yenyewe, na kuzichukua kuwa faraja za Roho Mtakatifu ni kosa kubwa.

Ukitaka kusoma mwenyewe, usianze na sura ya tatu. Ina orodha ndefu ya nguvu za ajabu, na Wakristo wengi huishia hapo kwa hofu, bila kufika kwenye sutra inayosema nguvu hizo ni vikwazo kwa samadhi. Anza na Sankhyakarika beti 1 hadi 21, ambapo utakuta prakriti na purusha wakifananishwa na kipofu aliyembeba kiwete. Kisha Yogasutra 1.1 hadi 1.29 pamoja na ufafanuzi wa Vyasa, 2.1 hadi 2.27, halafu ruka mpaka ya mwisho kabisa, 4.34, inayoeleza kaivalya. Isome hiyo siku moja na Yohana 15, ile ya mzabibu na matawi, kalamu mkononi.